IST namba D: kwanza natoa, kuweka baadaye

Januari

Gari ni Toyota IST ya 2004, shepu ya zamani, otomatiki, cc 1298 ile injini ya 2NZ, rangi ya silva, namba D (yaani herufi za usajili zinaanza na D). Ndo gari yangu ya kwanza, kabla ya hapo mimi ni wa daladala mpaka Mbezi afu bodaboda kuingia Goba, na nimeichukua kwa mtu hapa hapa Dar kwasababu kuagiza nilipiga hesabu ya ushuru nikaona hapana, nitaishia kuwa na picha ya gari kwenye simu. Aliyeniuzia ni kijana aliyekuwa anaipenda sana hii gari, hilo simnyimi, ila mapenzi yote aliyaweka kwenye vitu vya kuonekana na kusikika. Rimu nyeusi za inchi 17 zenye mstari mwekundu, springi zimekatwa gari imelala chini, bomba la moshi lina mdomo kama kopo la maziwa ya unga, taa za mbele zinawaka bluu, mataa ya rangi chini ya dashibodi, sabufa imekula buti lote na stika ya macho ya chui kioo cha nyuma. Ukiiwasha asubuhi mtaa mzima unajua unaenda kazini.

Mimi nataka gari safi, iliyotulia, yenye vitu viwili vitatu vya kwangu. Kwahiyo huu mradi wangu wa kupamba gari kwa sehemu kubwa ni mradi wa kuvua mapambo ya mwenzangu, na nimeamua kuandika kila hatua maana najijua, nikifika mwezi wa tano nitakuwa sikumbuki hela imeishia wapi.

Kazi ya kwanza ilikuwa usafi tu, ndoo, sabuni, brashi ya meno ya zamani na vitambaa. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukifungua mlango, kulikuwa na kistika kidogo cha Kijapani kimefifia na kimekaliwa na vumbi la miaka, nikaanza kukifuta taratibu nikaona ni kile wanachobandika wakibadilisha oili. Kinasomeka 26 na mwezi wa 8, afu chini yake 112,400. Ile 26 siyo tarehe, ni mwaka kwa kalenda yao, mwaka wa 26 wa Heisei ambao kwetu ni 2014. Nikageuka nikaangalia dashibodi, inasoma elfu tisini na moja na kitu. Yaani gari ilishapita laki na elfu kumi na mbili ikiwa bado Japani, imepanda meli, imekimbizwa hapa Dar miaka yote hii, na kilomita zimepungua!

Aliyeniuzia sikumpigia, inawezekana kabisa na yeye aliikuta hivyo hivyo. Ila kuanzia siku hiyo dashibodi nimeiacha isome inavyotaka, mimi kila spea naihesabia kwamba gari imetembea zaidi ya laki mbili. Imenisaidia sana kupanga, maana ukishajiambia hivyo hauanzi na siti kava, unaanza na chini.

Februari, chini ya gari

Gereji niliyopelekwa iko Ilala, fundi ni mtu mzima, anaongea kidogo. Kijana wake ndo alinipokea.

"Dada, mwenye gari yuko wapi?"

"Ndo mimi."

"Sawa, ila shemeji anajua kama tunatoa hizi springi? Asije akatulaumu."

"Shemeji yupi?"

Fundi mwenyewe akacheka kule chini ya gari, akamwambia kijana alete jeki.

Sasa hapa ndo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nakisikia tu. Gari ikapandishwa, tairi la mbele likaning'inia, fundi akaniita, "njoo anti uone," akaishika springi kwa mkono mmoja akaizungusha. Ikazunguka! Springi inatakiwa ibanwe muda wote hata tairi likiwa hewani, hii imekatwa na grenda mpaka imekuwa fupi kuliko nafasi yake, kwahiyo kila nikipita kwenye shimo tairi likishuka, springi inakuwa imelegea haijakaa kwenye kiti chake, ikirudi inagonga. Ule mlio wa "ko" niliokuwa naambiwa ni boljointi ulikuwa huo. Zile raba ndogo za kuzuia shokapu isifike mwisho zilikuwa zimesagika, zimebaki vipande kama viwili vitatu vya sponji, na shokapu ya kulia imevuja mpaka vumbi limegandia kwenye oili limekuwa tope jeusi. Ukikata springi inakuwa ngumu zaidi na fupi zaidi, shokapu inabaki haina pa kuchezea, inakufa mapema. Na mimi nakaa Goba, barabara za ndani kule mnazijua.

Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea, nilienda na fundi mwenyewe, nikamlipa siku yake, bora hivyo kuliko kwenda peke yangu uso wa mgeni umeandikwa kwenye paji. Springi za mbele na nyuma tulichukua za mtumba wa Japani, chuma cha springi kikiwa hakijapasuka wala kuoza hakina shida. Shokapu ndo kuna kazi ya kuchagua, fundi anasimamisha shokapu chini, anaikandamiza mpaka mwisho, anaiachia na kuitazama. Nzima inapanda yenyewe polepole bila kukwama. Iliyokufa inazama kirahisi na inabaki hapo hapo. Alikataa kama nusu ya tulizoletewa na muuzaji akaanza kununa, "mzee unanunua au unafanya mtihani?" Mzee hata hakumjibu. Za mbele mwisho tukachukua mpya, nyuma mtumba. Hapo nilikuwa nimeshatoa laki nne na ushee na gari kwa nje haina tofauti yoyote zaidi ya kwamba imenyanyuka, na washkaji wa ofisini wakaniuliza mbona umeiharibu.

Rimu. Hizi inchi 17 zilikuwa zimevaa tairi za 205/40, na hiyo 40 maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 40 ya upana, piga hesabu ni milimita 82. Hizo ndo zinasimama kati ya rimu na shimo. Nimehamia 185/65 ya inchi 15, ukuta ni milimita 120. Tofauti ya milimita 38 huwezi kuamini inavyobadilisha mgongo wa mtu. Rimu moja tayari ilikuwa imepinda kwa ndani, ukiizungusha kwenye mashine ya balansi unaiona inavyocheza. Afu kulikuwa na mtetemo kwenye usukani kuanzia spidi 80 ambao kila mtu alikuwa ananiambia balansi, balansi. Kumbe tundu la katikati la rimu lilikuwa milimita 73 na habu (kile kitovu rimu inapokaa) ya hizi Toyota ndogo ni 54.1, na zile ringi za kuziba hiyo nafasi hazikuwepo, rimu ilikuwa inashikiliwa na nati tu haijakaa katikati sawasawa. Ukinunua rimu za mtaani usiulize tu kama ni nati nne kwenye duara la milimita 100, uliza na tundu la katikati, ringi zenyewe ni za plastiki na bei yake ni ya kawaida tu.

Na tairi zenyewe angalia umri, kuna namba nne mwisho wa maandishi ya DOT, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilisomeka 3813, wiki ya 38 ya 2013. Kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwepo nzuri tu, za kutosha, ila mpira umeshakauka una nyufa ndogo ndogo ukiukunja. Nikapata rimu za inchi 15 za Toyota, za kawaida, zisizo na makuu, nikafunga tairi mpya na nikapiga wili alaimenti. Rimu tatu nzima na ile iliyopinda alizichukua jirani mwenye Vitz, nilimwonyesha ilipopinda akasema ataenda kuinyoosha, hiyo sasa ni yake.

Machi, umeme

Betri ilikuwa inalala. Nikipaki Ijumaa jioni, Jumatatu gari haipigi, nabaki naomba waya kwa mpangaji mwenzangu. Ushauri niliopewa na kila mtu ni kununua betri mpya, nikasema ngoja kwanza.

Fundi umeme niliyempata ni kijana mdogo ila ana mita yake na anajua kuitumia. Akazima kila kitu, akafunga milango, akatoa waya wa hasi wa betri na kupitisha mita katikati, tukasubiri gari itulie. Gari ikiwa imelala inatakiwa ivute umeme kidogo sana, chini ya 0.05 ya ampia hivi, ya saa na alam. Yangu inavuta 0.4. Ukipiga hesabu hiyo ni karibu ampia saa 10 kwa siku, na betri yenyewe ni ya 45, siku tatu imebaki na nini? Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku mimi naangalia mita. Fyuzi zote zikaisha, namba haijashuka. "Basi sister, huu umeme haupiti kwenye fyuzi za Toyota."

Ulikuwa unapita kwenye waya wa amplifaya ya sabufa, waya mnene mwekundu uliotoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri ukaingia ndani ya gari kupitia tundu lililotobolewa kwa drili kwenye bati kati ya injini na dashibodi, bila raba ya kukinga, na njia nzima hamna fyuzi hata moja. Tulipouvuta tukakuta pale unapopita kwenye tundu ganda limeshakatwa na ncha ya bati, shaba inaonekana inang'aa, urefu wa kama punje ya mchele hivi. Ule waya ukigusa bati hakuna kitu cha kuukata, unawaka mpaka betri iishe au gari iishe. Nilikuwa naendesha hivyo kwenye foleni ya Morogoro Road kila siku, nina galoni ya mafuta ya taa ya mama kwenye buti siku nyingine.

Na kilichokuwa kinakula betri ni kwamba ule waya mwembamba wa kuiambia amplifaya iwake pale redio ikiwashwa ulikuwa umeungwa kwenye umeme wa moja kwa moja, kwahiyo amplifaya haikuwahi kuzima hata siku moja. Tukatoa vyote, sabufa, amplifaya, mataa ya chini ya dashibodi, alam ya pili iliyofungwa juu ya ile ya kwanza (sijui walikuwa wanaogopa nini), tundu likazibwa. Mita ikasoma 0.03. Betri ni ile ile mpaka leo.

Kwa anayeanza kama mimi: kama unafunga sabufa funga, sina ugomvi na muziki, ila fyuzi iwe karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 30 hivi, siyo huko kwenye buti. Fyuzi inalinda waya, na waya unaanzia kwenye betri.

Machi mwishoni, taa

Hii nimefanya mwenyewe nyumbani na ndo kazi iliyonipa raha kuliko zote. Vioo vya taa vya hizi gari siyo kioo, ni plastiki ngumu, ina ngozi ya juu ya kuikinga na jua, hiyo ngozi ikishaliwa na jua inakuwa njano na ukungu. Kuna watu wanasugua na dawa ya meno, inang'aa wiki mbili inarudi. Mimi nilibandika utepe pembeni nisile rangi, nikaanza na msasa wa maji namba 800 mpaka ile njano yote ikatoka (maji yanachuruzika ya njano kama ya mchele wa pilau, unajisikia unafanya kazi kweli), nikaenda 1000, 1500, 2000, kila namba unasugua kwa kukatiza ile ya nyuma, mwisho taa inakuwa nyeupe imefifia kila mahali na hapo ndo watu wanapaniki. Usipaniki. Pombe kidogo ya kusafishia, ikauke, afu kliya (vanishi isiyo na rangi) ya kupuliza yenye kinga ya jua, koti jembamba mara kadhaa. Ile kliya ndo inarudisha uangavu na bila hiyo kinga umejisumbua tu.

Taa za bluu nikazitoa, nikarudisha balbu ya H4 ya kawaida, wati 60/55. Zile za bluu zilikuwa zinamulika mpaka kwenye miembe ila barabarani mbele yangu sioni kitu, maana hii taa kioo chake cha ndani kimetengenezwa kwa balbu ya H4, ukiweka taa ya aina nyingine mwanga unatawanyika. Mvua ikinyesha tofauti ndo unaiona.

Aprili, injini na masega

Jaribu hii kwenye gari yako: weka funguo kwenye ON bila kuwasha. Taa zote za dashibodi zinatakiwa ziwake kidogo, oili, betri, na ile ya alama ya injini. Yangu ya injini ilikuwa haiwaki kabisa. Nilikuwa najua ni dalili nzuri, haiwaki maana yake injini nzima, kumbe taa isiyowaka hata kwenye ON ni taa iliyokufa au iliyouawa. Tukafungua dashibodi, ile ya katikati ya IST, kulikuwa na kipande cha utepe mweusi kimebandikwa nyuma ya hiyo alama kwa ustadi kabisa. Waliofungua kushusha kilomita naona walipata na muda wa ziada.

Utepe ukatoka, taa ikawaka na haikuzima. Kwenye mashine ya kupima gari zikaja kodi mbili, yaani namba za hitilafu, P0171 na P0420. Ya kwanza inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta, ya pili inalalamikia masega, kile kichujio cha kusafisha moshi ndani ya bomba. Nikamwambia fundi na masega tuyaangalie basi, akapiga bomba kwa nyuma ya spana, likalia tupu. Hamna kitu ndani, yametolewa, na wanaojua wanajua kwanini, mle ndani kuna platini, paladi na rodi, madini ya bei, masega yana soko kuliko gari lenyewe. Ndo maana nilikuwa nikisimama kwenye taa za Mwenge vioo vikiwa wazi macho yananiwasha.

P0171 ilitoka kwa ile eya klina ya koni iliyofungwa kwa klampu imelegea, inanyonya hewa ya moto ya injini na vumbi, sensa ya hewa ilikuwa na utando wa oili kwa sababu zile koni wanazipaka oili. Nikanunua boksi kamili la eya klina la mtumba, filta mpya ya karatasi, sensa ikapuliziwa dawa yake (dawa yake, siyo petroli, na huigusi na kitambaa, ule waya wa ndani ni mwembamba mno), throto (mlango wa kuingiza hewa kwenye injini) ikasafishwa. Bomba la moshi tukatoa lote, tukafunga la kawaida pamoja na kipande chenye masega yake kutoka kwenye gari iliyokatwa. Hiki ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye mradi na watu wengi watakwambia ni ujinga kulipia kitu ambacho wenzako wanakiuza. Sawa. Gari imekuwa kimya, ulaji wa mafuta umeshuka, kodi zimefutwa hazijarudi, na ninaweza kurudi usiku bila kuamsha watoto wa jirani.

Oili ya giaboksi nimemwaga na kujaza T-IV, ilitoka rangi ya kahawa. Nitarudia tena baadaye kidogo kwasababu kumwaga mara moja haitoki yote.

Mei, vya kwangu sasa

Redio ya Kijapani ilikuwa inaishia 90, kule kwao enzi hizo FM ilikuwa 76 mpaka 90. Kwahiyo Wasafi 88.9 napata, EFM 93.7 sipati. Kuna konveta za bei ndogo za kusogeza masafa, ila unapoteza namba halisi, stesheni inasoma namba nyingine, inachanganya. Nimetoa nikaweka redio ya kawaida yenye bluetooth na kamera ya nyuma, nimekataa zile za Android, skrini kubwa inayowaka usiku machoni sihitaji. Jiandae na kitu kimoja, redio za Toyota za Japani ni pana, milimita 200, na hizi za dukani ni kama 180, zitabaki nafasi pembeni, nunua na frem yake kabisa la sivyo fundi atakuzibia kwa gundi.

Siti nimeosha zenyewe, zilikuwa na rangi nzuri tu chini ya kava tatu zilizopandana. Usukani nimeshonewa ngozi nyeusi na uzi wa kijivu, hicho ndo kitu cha kwanza kwenye hii gari ambacho ni chaguo langu mwenyewe na siyo ukarabati, na nakishika kila siku. Macho ya chui yametoka kwa hea draya na subira.

Fundi rangi anataka kuipiga gari yote, anasema bei ya kindugu. Hapana, bampa la mbele tu, na nalo halina haraka. Kilichobaki cha maana ni maunti ya injini (ile raba inayoishikilia) upande wa kulia, nikisimama kwenye D gari inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, nikiweka N inatulia. Fundi kaniambia bei ya mpya na bei ya used inayoeleweka, nimechagua mpya, mshahara ukiingia tunarudi Gerezani.